Trei ya Makombe Meupe

Kila Jumamosi Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alimsaidia shangazi yake kwenye ghala la makumbusho. Kazi yao ilikuwa kupanga visukuku: makombe ya konokono wa baharini, yenye umbo la pia ya kuchezea, yaliyogeuka mawe ardhini. Konokono walipokuwa hai, makombe hayo yalikuwa na madoa na mistari. Sasa yote yalikuwa meupe pe. Ndiyo maana kila moja lilipelekwa nyuma ya pazia jeusi na kumulikwa kwa taa ya zambarau, ili mapambo ya kale yajitokeze, ndipo aina yake iandikwe.

Jumamosi moja Chiriku alikuwa kimya kwa uchovu. Walianza asubuhi, na kufikia saa kumi jioni macho yalimwuma, mgongo ulimwuma, hata nywele, kama nywele huuma. Trei ilibaki moja. Akayatazama makombe yake. Si yote sawa tu? Akaandika aina ileile kwenye vikaratasi ishirini na vinne, bila kuwasha taa.

"Umemaliza, mwanangu?" shangazi aliuliza. Alikuwa amevua viatu, miguu imemvimba.

"Nimemaliza, shangazi."

"Afadhali. Jumatatu mtafiti anazifuata trei zake. Mwaka jana alikuta moja imebahatishwa, na mwenzangu aliyeisaini hayupo tena hapa. Lete fomu nisaini."

Shangazi akashika kalamu. Chiriku akaivuta fomu.

"Usisaini, shangazi. Trei hii sikuimulika. Nimekisia."

Shangazi hakugomba. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, kisha akavaa viatu taratibu, kimoja baada ya kingine. Chiriku aliona aibu kubwa kuliko kama angechapwa.

"Haya, twende," shangazi akasema.

Nyuma ya pazia makombe yakamuumbua. Kumi na manne yalikuwa na madoa, tisa yana mistari ya mawimbi. Moja halikuonyesha chochote. Shangazi akamwagiza aliandikie: Haijulikani.

"Mtafiti hatasema hatujui kazi?"

"Kutojua hakumfukuzishi mtu kazi, mwanangu. Kuandika usichokiona ndiko kunakofukuzisha. Ukichoka, sema umechoka, tupumzike. Sahihi ni ya mkono wangu, lakini ninachokisaini ni neno lako."

Chiriku akavichana vikaratasi vyote ishirini na vinne, akaanza kuandika upya.