Furu na Dagaa wa Mama Rhobi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Ghati alimfundisha Furu adabu. Furu alikuwa mbwa mdogo aliyeokotwa sokoni Musoma, mbavu nje. Shangazi Benedikta ndiye aliyekuwa na moyo huo wa kuokota mbwa waliotupwa. Aliwagawa kwa jamaa zake wa Kigera wawalee na kuwafundisha mpaka wapate mwenyewe wa kuwafuga.

"Furu, kaa!" Furu akikaa, Ghati alimpa dagaa. "Furu, njoo!" Akija, dagaa mwingine. Ghati alimpenda mbwa yule, akaomba apate kwao pazuri.

"Mfundishe vizuri," shangazi alimwonya. "Mbwa mwizi hapataga mwenyewe."

Jumamosi moja, jirani yao Mama Rhobi alianika dagaa wake ufukweni juu ya wavu. Alimwacha binti yake, Rhobi, awafukuze yangeyange na ndege wengine. Rhobi alipokwenda kunywa maji, Ghati akamwona Furu pale kwenye wavu. Kwanza alikaa chini kwa heshima, kama alivyofundishwa. Kisha akajilipa mwenyewe, akala mpaka tumbo likavimba! Ghati akamwita upesi, wakaondoka kimya.

Jioni sauti ya Mama Rhobi ilivuka ua. "Nakuweka ulinde, wewe unalalaga tu! Ndege wamenimalizia dagaa. Kesho huendi na kwaya Kiabakari!"

"Mama, sikulala!" Rhobi alilia.

Ghati aliacha kula. Akisema, Furu atafukuzwa. Asiposema, rafiki yake ataadhibiwa bure. Alimtazama Furu, machozi yakamlengalenga. Kisha akamfunga kamba, akaenda naye kwa jirani.

"Shikamoo, mama. Rhobi hakulala. Furu ndiye aliyekula. Nilimzoesha dagaa, akadhani wote ni wake."

Mama Rhobi akamvuta binti yake kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Kesho utaimba." Kisha akamgeukia Ghati. "Na wewe na huyo mlafi wako mtanilindia dagaa."

Shangazi aliposikia, alicheka kwanza. Akamwelekeza Ghati aache kumpa Furu dagaa, amtuze kwa tonge la ugali, na amfundishe neno "acha" palepale kwenye wavu. Kila alasiri wakawa ufukweni. Mwanzoni Furu alidondosha mate na kulialia. Hata hivyo, siku zilivyopita alijifunza kulala kando ya wavu bila kugusa kitu. Yangeyange wakitua, aliwatimua kwa kelele.

Mwishoni mwa muhula shangazi alikuja kumchukua Furu, maana mfugaji mmoja wa Mugeta alihitaji mbwa. Alimkuta Mama Rhobi ameishika kamba.

"Huyu haendi popote," alisema. "Nani atanilindia dagaa?"

Ghati alimkumbatia Furu, akalia kwa furaha. Furu alikuwa anakwenda nyumba ya pili tu.

"Unaona, Ghati?" shangazi alisema, akimfuta machozi. "Ungemficha siku ile, leo angekuwa anapigwa mawe. Kosa likifichwa hukomaa. Likisemwa mapema hurekebishika, hata likiwa la mbwa."