Moto wa Jirani

Kwa! Kwa! Kwa!

Kila alfajiri, kabla majogoo wa Busongo hawajaanza kushindana, sauti hiyo ilitoka katika kibanda kilichosimama peke yake nje ya boma. Ilikuwa sauti ya chuma kikigonga jiwe la gumegume. Cheche zilirukia pamba kavu, Zakaria Farijala akainama akapuliza, moto wake ukawaka. Akabandika chungu chake, akanywa uji wake, akamshukuru Mungu wake. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza ameamkaje.

Zilikuwa enzi za misafara mikubwa, pembe za ndovu zikishuka pwani mabegani mwa Wanyamwezi, na nguo za merikani, shanga na baruti vikipanda bara mabegani mwao vilevile. Watemi walitawala nchi zao, na kila nchi ilijizungushia boma la magogo na ua wa minyaa, maana rugaruga wa kuteka watu hawakupiga hodi.

Zakaria mwenyewe aliwahi kutekwa, akiwa mdogo mno. Jina la mama yake alilisahau; alichokumbuka ni harufu ya moshi wa nyumba yao tu. Wamisionari wa pwani walimkomboa, wakamlea, wakambatiza, wakamfundisha kusoma na kuosha vidonda. Alipokuwa mtu mzima alifuatana na Padre Anselmi kupeleka Injili bara. Katika nyika ya Mgunda Mkali, mahali ambapo maji yaligawanywa kwa kifuu, homa ikamwangusha padre. Alimwachia Zakaria kengele, kitabu na maneno machache.

"Fika Busongo, mwanangu. Na usiwe mzigo kwa mtu."

Zakaria akamzika kwa mikono yake, akaendelea na njia. Akafika. Na mzigo kwa mtu hakuwa. Alijenga peke yake, akalima peke yake, akachota maji peke yake. Akilala njaa, alilala kimya. Jumapili alipiga kengele na kuhubiri njiani. Mara ya kwanza ilikuja nchi nzima kuiona kengele. Mara ya pili walikuja wachache. Tangu hapo walikuja mbuzi tu. Hivyo ikapita miezi minane.

Lakini palikuwa na jambo moja. Baadhi ya asubuhi alikuta juu ya jiwe lililokuwa mbele ya mlango wake kibuyu cha maziwa ya mgando, na njia yake imefagiwa. Hakumjua mwenye hisani hiyo. Alikunywa, akakiosha kibuyu vizuri, akakirudisha juu ya jiwe lilelile. Jioni hakikuwepo tena. Aliona ndiyo adabu.

Siku moja alikuja Lubinza, mwanangwa, msaidizi wa mtemi, mtu mnene mwenye bangili za shaba hadi kiwikoni.

"Mwalimu wa mbuzi, hujambo?"

"Sijambo, mwanangwa. Karibu uketi."

"Sikai. Mtemi anasema msafara wa pembe utaondoka mwezi ukiandama. Utaondoka nao."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mgeni hakosi. Mgeni huondoka."

"Mimi si mgeni tena. Nina shamba hapa. Nina kibanda."

Lubinza akatazama ndani, kwenye mafiga matatu na lile jiwe la gumegume lililokaa kando yake. Akafungua kinywa kana kwamba atasema neno, akakifunga. "Mbuzi watakulilia," alisema, akaenda zake.

Usiku ule Zakaria hakulala. Pwani aliyotakiwa kurudi haikuwa kwao. Kaburi la padre halikuwa kwao. Na moyo wake, tangu alipoanza kusikia wanawake wa Busongo wakitwanga, ulikuwa umeshatua mizigo hapa bila kumuuliza. Alihesabu siku za mwezi kuandama: zilibaki tisa.

Siku ya tatu, akipalilia, aliwaona swala wakikimbia kutoka kichakani, mbio za kufukuzwa. Nyuma yao yakatokea manyoya ya tai, nguo nyekundu na mitutu ya magobore. Rugaruga! Na wanawake wa Busongo walikuwa mashambani wameinama.

Zakaria alitupa jembe, akaishika kengele. Aliipiga mpaka mkono ukafa ganzi, naye akipaza sauti, "Bomani! Bomani!" Kengele iliyokuwa ikiwaleta mbuzi tu, siku ile ilileta nchi nzima. Watu walimiminika langoni, watoto migongoni, mbuzi miguuni. Yeye alikimbia nyuma ya wote. Walinzi walikuwa wameshaanza kusukuma magogo ya lango, lakini Lubinza alijiweka katikati kwa mwili wake mzima.

"Bado mmoja!" alinguruma.

Zakaria akapita chini ya kwapa lake. Risasi ikalia, na mwanangwa akaanguka ndani, paja lake limepasuka.

Magogo yakafungwa. Kutoka juu ya ngome Zakaria alikiona kibanda chake kikiwaka moto na kila kilichokuwa ndani yake. Jioni mvua ikaja, ya kutwa na kucha.

Majeruhi walilazwa katika zizi tupu, na Zakaria akaomba awatunze. Walikuwa sita, pamoja na Lubinza. Alikesha akiwafunga vidonda kwa shuka yake. Alfajiri, paja la mwanangwa lilikuwa limevimba kama boga. Zakaria akapeleka mkono kiunoni kwa mazoea, akapapasa, akapapasa tena.

"Unatafuta nini?" Lubinza aliuliza kwa meno yaliyokazwa.

"Gumegume langu. Limebaki kule kibandani. Nahitaji maji ya moto, la sivyo mguu huu utaoza."

Lubinza alimtazama. Pande zote za boma moshi ulikuwa ukipenya katika paa za nyumba za tembe. "Mimi sikwambii kitu," alisema. "Macho unayo."

Zakaria alisimama mlangoni mwa zizi. Usiwe mzigo kwa mtu. Neno lile alikuwa amelibeba toka Mgunda Mkali, na lilikuwa zito kuliko kengele. Na kama wangemkatalia? Mtu ambaye hajaomba hajakataliwa. Lakini nyuma yake mwanangwa aliguna kwa maumivu, mwanamume aliyelizuia lango kwa ajili yake. Zakaria akaokota kigae cha chungu kilichovunjika, akavuka matope hadi tembe la karibu.

"Hodi."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee.

"Ni mimi, mama. Zakaria, yule wa kengele."

"Unataka nini?"

"Naomba moto."

Kisha mlango ukafunguka, na hapo akasimama Nyanzala, mjane mwembamba ambaye Zakaria alikuwa akimwona kwa mbali tu akienda kisimani. Mkononi alishika ufagio. Nyuma yake, juu ya mtungi, kilining'inia kibuyu ambacho Zakaria alilijua kila kovu lake.

"Miezi minane," alisema yule mama. "Miezi minane nakungoja uniombe. Umelalaje, mwanangu?"

Tangu pwani hakuna aliyemuuliza Zakaria hivyo.

Nyanzala alichagua makaa mawili makubwa, akayaweka kwenye kigae, akayafunika majivu yasizimike. Akachukua chungu cha maji yaliyokwisha chemka, akamfuata hadi zizini, akisema njia nzima.

"Huku kwetu anayehamia huomba moto kwa jirani. Ndivyo tunavyojua kwamba amefika. Mtu anayejiwashia moto ni msafiri aliyelala njiani, kesho ataondoka. Basi tukasema, huyu bado yumo safarini, tusimzoee, atatuumiza moyo akienda."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mtu akifundishwa kuomba, hajaomba. Nikakuwekea maziwa ili uje uulize kibuyu ni cha nani. Wewe unakiosha unakirudisha! Nikasema, huyu mtu ana nini? Hata shukrani anaipa jiwe!"

Lubinza alicheka huku akilia, maana maji ya moto yalikuwa yamefika kwenye paja lake.

Nyanzala alishika kata akimmiminia Zakaria maji. Kisha akauliza, "Na huyo Bwana wako uliyekuwa ukimtangaza njiani, yeye aliwahi kuomba kitu kwa mtu?"

Zakaria akafikiri. "Aliomba maji. Alikuwa amechoka na safari, akakaa kisimani, akamwomba mwanamke wa kabila jingine maji ya kunywa."

"Ah!" Yule mama aliweka kata chini. "Sasa mbona hukuanzia hapo?"

Mvua ilinyesha siku tatu. Ililowesha baruti ya rugaruga waliolala nje, na siku ya nne, kabla ya jua, mtemi alifungua lango kwa ghafla. Watu wa Busongo walitoka na mikuki, kimya kama chui, na magobore ya adui hayakulia. Rugaruga waliosalia walikimbia hata kuacha ngoma yao. Busongo ilizika watu saba, na Zakaria alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Safari hii hakuchimba peke yake.

Mwezi ulipoandama, msafara ukapita mbele ya mtemi. Mkuu wa msafara akauliza, "Yuko wapi yule mgeni wa kwenda nasi?"

Mtemi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mgeni gani? Simwoni."

Historia haikuweka mengi ya Busongo. Kaburi la padre lilimezwa na nyika, na lile boma lilioza. Hata jina la mtemi yule wazee wanabishania. Lakini Zakaria alijenga tembe lake ndani ya boma, ukuta kwa ukuta na Nyanzala.

Siku moja Lubinza, akichechemea, alimletea kitu alichokiokota katika majivu ya kibanda cha zamani: lile jiwe la gumegume, jeusi lakini zima. Nyanzala aliliona likipita mkono kwa mkono. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Alfajiri iliyofuata Zakaria alipiga hodi kama kawaida, kigae mkononi. Ilimbidi angoje. Yule mama alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu. Nyumba ile ilikuwa na vigoda vinne na mtu mmoja. Wanawe watatu waliondoka na misafara, na hakuna aliyerudi. Alimpimia makaa taratibu kuliko siku zote, akayafunika majivu, akamkabidhi.

"Na kesho uje tena, mwanangu," alisema. "Hata kama moto wako haujazimika."