Vyura wa Madale Waliponyamaza

Rafiki yangu Kubra hapendi kulizungumzia jambo hili, na akilizungumzia huanza kwa hasira. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika daftarini vyura, mijusi na kenge aliowaona kwenye bwawa dogo la bondeni, nyuma ya nyumba yao kule Madale. Mwaka huu jirani yao Badru, fundi magari, akaanza kumwaga oili chafu humo. Vyura wakawa wanaelea matumbo juu.

Jioni moja baada ya magharibi, Kubra akashuka kuwasikiliza waliobaki. Umeme ulikuwa umekatika na bonde zima lilikuwa giza. Akaketi ukingoni bila kuwasha tochi, na taratibu vyura wakaanza kulia pande zote.

Mara wale wa ng'ambo wakanyamaza. Kubra aliijua maana yake, kwani chura hunyamaza akikaribiwa. Damu ikamchemka.

"Badru, leo nimekukamata na ndoo yako," alisema kwa sauti. "Unaua viumbe wa Mungu, huna hata haya?"

Vyura wa katikati ya bwawa nao wakanyamaza.

"Unaniita, dada Kubra?" Sauti ya Badru ilitoka juu, nyuma yake, barazani kwake. "Mie niko huku, nakula."

Kubra hakugeuka. Ukimya ulizidi kumsogelea, hatua kwa hatua, na maji hayakusikika kutikisika hata kidogo. Akabaki chura mmoja tu akilia, kando kabisa ya kiatu chake. Kisha naye akanyamaza.