Njia ya Mawe ya Bibi Atuganile

Jumanne ya tarehe kumi na saba Machi, saa moja kasoro robo asubuhi, Bibi Atuganile alitoka jikoni na kikombe cha uji mkononi. Mjukuu wake Tukuswiga, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa barazani akifunga kamba za viatu. Alisikia jiwe likigonga jiwe, kisha sauti ya bibi: "Yesu wangu!" Alipoinua macho, bibi alikuwa chini, uji umemwagika, mguu wa kulia umegeukia upande usio wake.

Njia ile ya mawe aliyoangukia ilijengwa Oktoba, kabla ya mvua. Udongo mwekundu wa Mbozi ukilowa huteleza kama sabuni, na bibi hakuwa na njia nyingine ya kwenda jikoni ila kupita katikati ya bustani ya mboga. Mwanawe Anania, baba yake Tukuswiga, alikuwa fundi wa mawe. Alichimba, akashindilia udongo kwa gogo, akapanga mawe bapa pembeni. Kabla hajaendelea, akaitwa kazini Nanyala kwa siku tatu.

"Tuku, nikirudi nikute mchanga umetandazwa, unene wa shubiri nzima," alisema. "Uchote mtoni. Mchanga ndio godoro la jiwe. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Mto uko bondeni, na kupanda na ndoo ya mchanga kichwani si mchezo. Kufikia ndoo ya sita, shingo ya Tukuswiga iliwaka moto. Rafiki yake Happy alikuwa amekaa juu ya ndoo yake tupu, anacheka.

"Endelea tu, shingo izame mabegani utembee kama kobe!"

"Sasa nifanyeje?"

"Si kuna maganda ya kahawa pale kwenye mashine ya kumenyea? Mlima mzima, hayana mwenyewe. Yaweke chini, juu unyunyize mchanga. Baba yako ataona mchanga."

Maganda ni mepesi. Kabla ya saa sita walikuwa wamemaliza. Anania aliporudi aliinama, akapapasa mchanga, akasema, "Mwanangu, umefanya kazi." Tukuswiga akaokota ndoo, akaenda kuiosha. Jioni hiyo Anania akapanga mawe juu ya mchanga.

Mvua zikaja. Maganda yakaoza, yakanywea, na kufikia Januari jiwe moja karibu na mlango wa jiko likawa linachezacheza. Tukuswiga alilijua. Kila siku aliliruka, na kila siku alinyamaza.

Jumanne ile Boazi, dereva wa bodaboda, aliitwa akaja mbio. Alimtazama bibi, akatikisa kichwa. "Kaka Anania, huyu simpakii. Nitamuua njiani." Gari nalo halikuweza kufika. Barabara ya kijiji, iliyozinduliwa mwaka jana kwa ngoma na hotuba, ilikuwa imekatwa na maji. Basi wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba bibi saa mbili nzima hadi kwenye lami.

"Hapa walikata utepe!" Anania alifoka walipofika kwenye korongo. "Hapa walikula pilau! Leo wako wapi waje kushika mti huu?"

Wakashuka korongoni na mzigo wao, wakapanda ng'ambo.

Daktari alisema nyonga imevunjika, na kwa umri wake huenda asitembee tena. Baada ya siku tisa bibi alirudi nyumbani vilevile alivyoondoka, amelala juu ya blanketi.

Mchana huo Tukuswiga alimkuta baba yake akifunga nyundo, timazi na pima maji ndani ya kiroba.

"Baba, unavipeleka wapi?"

"Kwa Boazi, akaviuze. Fundi aliyemwangusha mama yake ajenge nini tena? Nilipima vibaya."

Siku zote Anania alikuwa na wa kumlaumu: diwani, mtendaji, hata wanaotangaza hali ya hewa redioni. Siku hiyo alijilaumu mwenyewe. Tukuswiga akakishika kile kiroba.

"Baba, hukupima vibaya. Chini si mchanga. Ni maganda ya kahawa. Niliona jiwe linacheza, sikusema."

Anania hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga. Alitoka nje, akang'oa lile jiwe la mlangoni. Chini yake kulikuwa na uozo mweusi uliojaa funza.

"Kachukue ndoo," alisema.

Walitumia Jumamosi nne. Walizoa uozo wote, wakashindilia upya. Tukuswiga alipanda kutoka mtoni mpaka ngozi ya utosi ikachubuka, na Happy, bila kuambiwa, akapanda naye. Jiwe la mwisho lilipokaa, Anania alilirukia kwa miguu miwili. Halikutikisika.

"Sikia, Tuku," alisema, akifuta mikono. "Kazi ya chini haionekani, ndiyo maana watu huiiba. Walioijenga ile barabara waliiba ya chini, na wewe uliiba ya chini. Tofauti ni kwamba wewe umesema. Ungesema Januari, bibi yako angekuwa anatembea. Kweli ni dawa, mwanangu, lakini ikichelewa haimponyi kila mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Walimbeba bibi hadi mlangoni, wakamkalisha kwenye kiti chenye mito. Aliitazama njia kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho.

"Imenyooka," alisema. "Mungu awabariki. Sasa niambieni, wanangu, mimi nitaipita lini?"