Mtaa Uliomezwa na Bahari

Shoga yangu, karani wa maktaba, si mtu wa kutia chumvi. Alitumwa kumrekodi bibi mmoja, wa mwisho kuukumbuka mtaa uliomezwa na bahari.

"Haya, mjukuu wangu, washa hicho kidude chako," bibi akasema, akaanza kutaja majirani wake, nyumba kwa nyumba. Kila akitaja mmoja, alinyamaza kidogo. Shoga yangu akadhani anavuta pumzi.

Kesho yake umeme ulikatika. Akajifungia stoo, gizani, asikilize ile rekodi kwa betri ya kidude, bila kelele. Penye kila kimya palikuwa na sauti, kama ya mtu mwenye maji kooni.

"Fundi saa." "Nipo." "Mkunga." "Nipo."

Mwishoni bibi akataja mtu ambaye, shoga yangu anaapa, hakumtaja siku ile: "Karani wa maktaba."

Iliyojibu "Nipo" ilikuwa sauti yake mwenyewe, maji yamejaa kooni.