Kiti cha Mke Wake

Picha ya kwanza aliyoiosha baada ya miaka thelathini na sita ilikuwa na mtu ambaye hakualikwa. Karani mstaafu aliisogeza chini ya taa nyekundu: mkewe ameketi kwenye kiti chake barazani, na nyuma yake, kule ukutani, mtu mrefu asiye na uso. Akausingizia mkanda wa zamani. Ujanani alitaka upigaji picha tu, lakini tumbo halina likizo. Mahakama ikamkalisha mezani kuandika maneno ya watu hadi vidole vikapinda. Sasa amegeuza bafu kuwa chumba cha kuoshea picha, na mkewe, maskini, anaoga kwa ratiba.

Katika picha ya pili yule mtu alikuwa amesogea. Katika ya tatu mkono wake ulikuwa begani kwa mkewe, na bafu zima likanuka udongo uliolowa.

"Mzee, bega hili litaniua," mkewe alisema asubuhi yake. Hata kikombe kilimshinda kuinua.

Mganga aliyemwendea hakupoteza maneno. "Jini limempenda mkeo. Piga picha ya kiti kitupu, litakuja kukaa lenyewe. Likijitokeza tu kwenye karatasi, mlango ufunguliwe kabla hujaikaza kwa dawa isifutike na mwanga. Mwanga utamchukua aliyemo."

Mchana huo, kiti kitupu kikiwa kimeshapigwa picha, mkewe alisimama nje ya bafu, mkono kwenye kitasa. Ndani, mzee, aliyechoka hadi kwenye mifupa, aliitumbukiza karatasi kwenye dawa ya kuoshea, na kiti kikajitokeza polepole, kisha pindo la gauni, kisha mikono iliyokunjwa mapajani, mikono aliyoijua kuliko yake mwenyewe, na mwisho uso wa mkewe, ambaye siku nzima hakukikalia kiti kile, ukimtazama kutoka chini ya maji huku midomo ikichezacheza kama ya mtu anayeomba.

"Nifungue?" mkewe alinong'ona.

"Usifungue! Nakuomba, mke wangu, usifungue!"

Akaikimbiza picha kwenye dawa ya kukazia, akaihesabia dakika zake zote. Sasa mwanga usingeweza kumchukua mkewe.

"Bega vipi?"

"Ajabu, limepona. Kama nimetuliwa mzigo."

Harufu ya udongo ilikuwa imemjaa mzee puani, na kwenye bega lake kiganja kizito, cha baridi, kilikuwa kimetulia. Alichoka mno hata kuogopa sawasawa. Afadhali mimi, aliwaza.

"Fungua, mke wangu," alisema. "Ila usitazame nyuma yangu."