Tuliuza Nyumba Sen Akiwa Ndani

"Dada Lựu, bonyeza tena. Hii si alama ya kidole, ni doa la wino tu."

Nikabonyeza tena. Karani akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa. Miaka yangu ya kumenya kamba wabichi kiwandani, mikono ndani ya maji ya dawa, ilikuwa imeifuta mistari yote ya vidole. Upande wa pili wa meza, mnunuzi wetu Bi Thắm, mjane mnene mwenye sauti kubwa, aliangua kicheko.

"Mwanangu, kwa vidole hivyo ungekuwa mwizi ungetajirika!"

Sikucheka. Mume wangu Khiêm alikuwa akitazama sakafu. Kwetu Sa Đéc, nyumba ya mke na mume haiuzwi mpaka wote wawili watie saini na alama ya kidole mbele ya mthibitishaji wa mikataba. Saini yangu ilikuwa imeshakauka. Kilibaki kidole, na moyoni nilikuwa nikiomba kisitoe kitu.

"Nendeni nje mpumzishe mikono," mthibitishaji akasema. "Pakeni mafuta. Ikishindikana, mrudi wiki ijayo."

Wiki ijayo! Nilitoka kama mgonjwa aliyeambiwa homa imeshuka.

Khiêm aliomba mafuta ya nazi kwa mama muuza chai pale nje, akavuta kigoda, akakishika kiganja changu. Tangu tumzike binti yetu Sen, hakuwa amenigusa.

"Unaumia, Mama Sen?"

"Hapana. Endelea, Baba Sen."

Mtoto hakuwapo, lakini hatukuwa na majina mengine ya kuitana.

"Tusiuze," nikasema. "Kidole kimekataa chenyewe, umeona."

"Kidole hakijui kitu."

"Tuzibe ile ngazi ya mtoni. Tujenge ukuta."

"Mto nitausikia nyuma ya ukuta. Kila asubuhi nikifungua mlango naiona kandambili yake ikielea. Naiona, Mama Sen."

"Na mimi naiona. Ndiyo maana sitaki kuondoka. Nikiondoka nitaionea wapi?"

Simu ya Khiêm ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kaka yake, anayelima kahawa kule milimani. Khiêm hakuificha simu, nami nikasoma:

"Chumba chako kiko tayari. Kitanda kimoja, kama ulivyosema."

"Kitanda kimoja?"

"Mama Sen..."

"Nilidhani tunauza ili tuhame pamoja!"

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini una macho yake. Nikikutazama, namzika upya."

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Afadhali angekuwapo. Ningepata wa kumtukana."

Aliendelea kusugua. Machozi yake yakaangukia kiganjani mwangu, akayachanganya na mafuta bila kujua. Kisha mkono wake ukasimama.

"Imetokea," akanong'ona.

Kweli ilitokea, mistari myembamba kama nywele za mtoto. Angeweza kunyamaza. Ningeweza kukunja ngumi. Lakini mume aliyekwisha kuondoka hafungwi kwa kidole cha mke. Nikainuka mimi kwanza, tukarudi ndani.

"Mnauza kwa hiari yenu?" mthibitishaji akauliza. "Hakuna aliyewalazimisha?"

"Hakuna," akasema Khiêm.

"Hakuna," nikasema.

Nikabonyeza.

"Hii sasa ndiyo alama!" karani akafurahi.

Nyumbani lilibaki bakuli la udi la Sen, makao ya roho yake, mbele ya picha yake. Kwetu bakuli hilo halihamishwi kabla ya kumwuliza mwenyewe. Unaangusha sarafu mbili kwenye sahani: moja ikilala kichwa juu na nyingine kichwa chini, amekubali. Zikilala sawa, amekataa.

"Sen, twende na mama," nikasema, nikaziangusha. Zote vichwa juu.

"Sen, njoo na baba," akasema Khiêm. Zote vichwa chini.

Tukarudia. Mimi nikamwahidi maziwa ya soya, Khiêm akamwahidi baiskeli. Sarafu zikakataa, zikakataa.

Bi Thắm alikuwa amefika kuchukua funguo. Alisimama mlangoni, safari hii bila kicheko.

"Mmemwuliza kama anataka kubaki?"

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyethubutu. Basi yeye akapiga magoti, akiguna kwa maumivu.

"Mjukuu wangu, mimi ni bibi mgeni. Nakoroma, lakini uji wangu mtamu. Utabaki na mimi?"

Sarafu zikazunguka, zikalala. Moja kichwa juu, moja kichwa chini.

"Nitamjengea kijumba chake cha udi uani, chini ya mpera," Bi Thắm akasema taratibu. "Ndani ni kwa wazee wangu marehemu, hawawezi kelele za watoto. Mje mnapotaka."

Khiêm akampa funguo. Langoni nilimshika mkono wa shati.

"Sasa tutaitanaje?"

Aliubandua mkono wangu polepole.

"Kwaheri, Lựu," akasema. Mara ya mwisho kuniita hivyo Sen alikuwa bado hajazaliwa.

Khiêm hajawahi kurudi. Mimi huenda kila mwezi unapokuwa mpevu, na maziwa ya soya mkononi. Napiga kengele kwenye lango nililolipaka rangi mwenyewe, kisha nasimama barabarani, nasubiri nikaribishwe.